Thelathini na Nane za Kiroboto

Juni 27

Mdogo wangu Kiroboto,

Naandika nikiwa kwenye cherehani. Mama Vifungo ametoka kununua zipu, kwa hiyo nina kama nusu saa ya kuwa mtu wa barua kabla sijarudi kuwa mtu wa pindo. Simu yangu bado iko kwa fundi tangu Bwana Mkubwa aitumbukize kwenye beseni la nepi. Fundi anasema iachwe ikauke, mimi naona imeshakauka na kufa juu. Basi tuendelee na barua za kutuma na basi. Na wewe si ulisema nisiache kuandika, eti mtu aliyeishia darasa la saba akikaa mwaka bila kushika kalamu anarudi darasa la tatu. Nimekusikia, mwalimu.

Bwana Mkubwa ana miezi tisa sasa na hana jino hata moja. Anacheka kama mzee aliyestaafu. Shemeji yako akitoka kazini anamletea ganda la mkate, analiguguna mpaka linalowa, halafu anampaka nalo babaye usoni. Wanapendana hao, mimi ni mpishi wao tu.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Matokeo yako yanatoka lini hasa? Hapa wanahesabu siku kuliko mimi. Mama Vifungo ameshatangaza kwamba Jumamosi ya baada ya matokeo cherehani zinafunikwa saa sita mchana, kutakuwa na soda, na shemeji yako ataoka keki. Kila mteja anayekuja kupimwa anaambiwa mdogo wake fundi wangu anakwenda ng'ambo kusomea kujenga madaraja. Juzi mama mmoja alikuja kupunguza sketi, akaondoka akiwa anajua habari zako zote na sketi kaisahau.

Uliniambia chuo cha ng'ambo wanataka alama za juu sana. Juu kiasi gani hukusema, na mimi sikuuliza, maana hata ungesema ningekuwa kama niliyetajiwa bei ya ndege. Wewe nitumie tu ile namba ya kufungulia matokeo, nami niyaone kwa macho yangu. Tangu mama atuache ukiwa na miaka sita, ripoti zako zote nimezisaini mimi. Hii ya mwisho isinipite.

Dada yako


Julai 1

Shikamoo Dada,

Matokeo ni Alhamisi hii, tarehe 5, saa sita mchana. Namba ya kufungulia nimeiandika kwenye kikaratasi cha njano, usikiache mahali Bwana Mkubwa atakapokifikia.

Bweni limekuwa kimya. Wenzangu wengi walikwenda makwao mitihani ilipoisha, tumebaki wachache tunaowaangalia wadogo mpaka shule ifungwe. Nafundisha watoto wa darasa la tano hesabu asubuhi, jioni nawatafutia soksi. Kila mtoto ana soksi mguu mmoja.

Kuna sherehe ya matokeo hapa shuleni Jumamosi ya tarehe 14. Watahiniwa wote watarudi. Mtu anaitwa jina, anatembea toka mlango wa ukumbi mpaka jukwaani pamoja na mtu wake, mkuu wa shule anawapa mkono wote wawili. Wengi watakuja na baba na mama. Mimi kwenye fomu nimeandika jina moja. Mwalimu mshauri akaniuliza, "Huyu ni mama yako?" Nikamwambia ni dada yangu, lakini jibu ni ndiyo.

Dada, tuseme haikwenda vizuri. Utawaambia nini akina Mama Vifungo? Nauliza tu.

Wako,
Kiroboto


Julai 5

Dada,

Najua umeshaona. Thelathini na nane. Sikuweza.

Masharti yao nilikuwa nayo tangu mwaka jana, na bado nikajidanganya. Tafadhali usije ile Jumamosi. Mimi mwenyewe sitaingia ukumbini, nitakaa bwenini na wadogo. Akina Mama Vifungo waambie lolote unaloona linafaa.

Nisamehe. Sina la kuongeza.

Kiroboto


Julai 8

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Kwanza umekula? Siulizi kwa mzaha. Niliwahi kupata kumi na moja kwenye hesabu, nikalificha daftari chini ya unga, mama akalikuta alipokwenda kuchota. Alilifungua, akasoma, akalipangusa unga kwa kanga, akaniuliza kama nimekula. Ndiyo hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, nikapewa sahani. Basi na mimi nakuuliza wewe, na nataka unijibu.

Matokeo niliyafungua siku ile ile, kwa Mzee wa Kopi, yule mwenye duka la kuchapa karibu na kazini. Alikichukua kikaratasi cha njano, akabonyeza, ikatoka karatasi moja imejaa Kiingereza. Hiyo sikuiweza, lakini namba ni namba. Akanisomea kwa kidole: sita, tano, saba, sita, tano, sita. Nikamuuliza ni kati ya ngapi. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Mitihani yote duniani ni mia, binti yangu."

Pembeni kulikuwa na tatu nyingine, akasema anadhani hizo wamekupa kwa kuhudhuria. Jumla thelathini na nane, masomo yote sita pamoja. Akanikunjia karatasi vizuri kama mtu anayekunja nguo ya mgonjwa, akanipa pole. Nilifika mpaka kwenye kona ya duka la viatu ndipo nikalia. Jumamosi asubuhi ikaja barua yako na namba ile ile. Nikajua basi, hakuna kosa.

Sasa ile sherehe ya Mama Vifungo. Cherehani zimefunikwa, soda zimepoa, shemeji yako anaingia na keki ameibeba kama kiti cha mfalme, juu kaandika Hongera Mhandisi. Sikuwa nimemwambia hata yeye. Nilikuwa nimembeba Bwana Mkubwa anatafuna kidole changu, nikahisi kitu kinakwaruza. Jino! Sikufikiri mara mbili. Nikachukua kisu nikaondoa lile neno Mhandisi, nikabakiza Hongera, nikawaambia matokeo yamechelewa kwa mambo ya mitambo, leo tunasherehekea jino la kwanza la Bwana Mkubwa. Mafundi wakatazamana. Mama Vifungo akanitazama kidogo kuliko wote, lakini akaona zaidi yao. Akamchukua mtoto, akampandisha juu ya meza ya kukatia, akasema jino si jambo dogo, na tukala keki yote. Hakuna aliyeuliza swali. Mmoja alipotaka kuuliza alipewa soda.

Tulipokuwa tunaosha vikombe ndipo Mama Vifungo akaniambia, bila kunigeukia, kwamba cherehani ya dirishani iko wazi tangu mwenyewe aolewe. Akasema, "Mwambie asije na aibu, aje na mkasi."

Kwa hiyo njoo nyumbani. Cherehani ile inapata mwanga mzuri tangu asubuhi mpaka saa tisa. Ukitaka kurudia mwaka utarudia, tutajua la kufanya. Usipotaka, basi. Nitakufundisha kola, ukishaweza kola mengine ni kunyoosha mkono tu. Kitanda chako kina nguo za mtoto juu yake, nitaziondoa. Sitakuuliza ilikuwaje. Ukitaka kuniambia utaniambia, hata mwaka wa kumi. Mimi nilikulea wewe, sikulea alama.

Jambo moja nakukatalia. Hilo la kukaa bwenini. Utaoga, utavaa, utaingia ukumbini uwapigie wenzako makofi, maana wao hawajakukosea. Na umesema nisije. Nimekusikia, nakuja. Tutatembea toka mlangoni mpaka jukwaani na thelathini na nane yetu. Anayetaka kucheka acheke. Mimi nilipita sokoni na tumbo la miezi tisa na ndala za rangi mbili, haya zangu ziliishia pale.

Kula.

Dada yako


Julai 10

Shikamoo Dada,

Nimekula. Nimekula wali sahani mbili.

Barua yako niliisomea chumba cha kufulia, nikacheka mpaka mpishi akaja kuona kuna nini. Alipofika akanikuta nalia, akasimama mlangoni na mwiko wake.

Dada, sikiliza. Si mia. Hapa kila somo linaishia saba. Hakuna mtu duniani mwenye nane, hata mkuu wa shule. Masomo ni sita, halafu kuna alama tatu za nyongeza kwa ajili ya insha ndefu. Umwambie Mzee wa Kopi kwamba zile si za kuhudhuria, ile insha niliiandika miezi minane, ni kuhusu madaraja ya kamba. Vyote pamoja vinaishia arobaini na tano. Mimi nimepata thelathini na nane. Tulikuwa watahiniwa thelathini na mmoja, nimekuwa wa nne.

Najua sasa umekaa chini. Kaa kwanza, maana barua haijaisha.

Kilichoniliza ni kwamba chuo cha ng'ambo walitaka arobaini. Nimepungukiwa na mbili. Nilikuandikia vile nikidhani unajua habari ya arobaini na tano, nikasahau kuwa sikukuambia kamwe. Sikukuambia kwa sababu ningekutajia arobaini ungeibeba kila siku kichwani kwenda kazini na kurudi.

Na kuna lingine, hili naliandika huku nimefunga mlango. Nilipoona zile mbili zimepungua, nilifurahi. Si kwa muda mrefu, kama mtu anayetua mzigo. Halafu nikaona sura yako na sura ya Mama Vifungo, nikajichukia siku tatu nzima. Ninyi mnaoka keki, mimi nafurahi kukosa.

Sasa jana wamemwandikia mwalimu mshauri. Wanasema wameisoma ile insha, wananichukua hivyo hivyo na thelathini na nane zangu, ufadhili uko pale pale. Wanataka jibu Jumatatu tarehe 16. Nimemwambia mwalimu huenda nikakataa. Kuna kile chuo cha huku kwetu, mwendo wa saa nne kwa basi toka nyumbani, nacho kina uhandisi, nacho kimeshanikubali. Ningekuja kila mwisho wa mwezi. Bwana Mkubwa angenijua.

Sijui kama nimeamua au naogopa. Kwangu vinafanana. Naomba wewe uniamulie, Dada. Utakalosema ndilo.

Na Jumamosi njoo. Nitavaa.

Kiroboto


Julai 12

Marahaba, mdogo wangu wa nne kati ya thelathini na mmoja,

Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Kisha nikampelekea Mzee wa Kopi barua aione mwenyewe pale penye saba. Akasoma mara mbili, akavua miwani. Akasema basi hata yeye alipata saba mwaka ule wa mtihani wake, kumbe alikuwa wa kwanza na wakamfukuza bure. Karatasi yako ameomba kopi aibandike ukutani, amesema ni tangazo zuri la biashara.

Mama Vifungo amenuna. Anasema nimemfanya amsherehekee mtoto kwa jino ambalo hata halionekani, ni lazima tufunike cherehani upya. Shemeji yako kauliza tu kama aliandike tena lile neno nililolifuta.

Haya, hayo ni ya kucheka. Lile uliloomba sasa.

Umeniambia ukweli ukiwa umefunga mlango, na mimi nitakuambia wangu. Siku ile kwa Mzee wa Kopi, nililia kweli. Lakini chini ya yale machozi kulikuwa na kitu kidogo kimekaa kinasema, anarudi. Anarudi nyumbani. Nilikipiga kofi kikanyamaza, hakikuondoka. Nilipokuandikia habari za cherehani ya dirishani, nusu nilikuwa nakufariji wewe na nusu nilikuwa najipikia mwenyewe. Nilishapanga hata ubavu utakaolalia.

Kwa hiyo usiniombe nikuamulie. Mimi nina upande, na mwenye upande hapewi filimbi. Nikikuambia baki, ni mimi ninayekutaka hapa. Nikikuambia nenda, nitakuwa nimesema ili nionekane dada mwema, na hilo ni uongo mbaya zaidi. Kuogopa na kuamua havifanani, wewe mwenyewe utavijua ukivishika kila kimoja na mkono wake.

Ninaloweza kukuahidi ni moja. Ukibaki usibaki kwa ajili yangu, nitakuja kujua, nitakupikia kwa hasira. Ukienda usiende kwa ajili ya keki ya Mama Vifungo.

Jumamosi napanda basi la kwanza. Bwana Mkubwa nakuja naye, hana wa kumwachia. Siku hiyo tusiseme habari hii. Tutembee tu.

Dada yako


Julai 16

Dada,

Natumai mlifika salama na kwamba Bwana Mkubwa ameisahau ile tai ya mkuu wa shule. Wanasema imetoboka alama ya jino. Mkuu anamwonyesha kila mtu ofisini.

Watu bado wanakuzungumzia. Ulipoanza kumpigia makofi kila mtoto anayeitwa, safu yenu walikutazama, lakini kufika wa kumi ukumbi mzima ulikuwa unapiga kama wewe. Yule baba aliyekaa mbele yako, ni baba wa rafiki yangu, ndiye aliyenisimulia. Alikugeukia akakuuliza wa kwako ni yupi, ukamjibu, "Wote, mpaka wangu afike." Amelirudia neno hilo kwa mkewe mara tatu.

Halafu tulipoitwa ulitembea haraka mno. Ulinishika mkono kama tunavuka barabara. Nilitaka kukuambia hakuna gari, nikaacha, maana nilitaka uendelee kunishika.

Hatukusema habari ile siku nzima, kama ulivyotaka. Nilikuona dirishani kwenye basi umegeuzia uso upande mwingine, najua kwa nini.

Leo asubuhi saa tatu nilikwenda kwa mwalimu mshauri kumpa jibu, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa hapana. Nilikuwa na barua yako ya tarehe 8 mfukoni. Nimetembea nayo wiki nzima, imeanza kukatika pale inapokunjwa. Nikasimama kwenye ngazi nikaisoma tena.

Dada, barua ile uliiandika ukidhani nimeanguka mpaka chini kabisa, sita ya mia, tano ya mia. Na hapo chini kabisa ulinikuta ukaniuliza kama nimekula. Ukaniwekea na kiti penye mwanga. Nilichokuwa naogopa ng'ambo hakikuwa baridi wala masomo. Niliona nikianguka huko, mbele ya watu wote walionisubiri, nitaanguka bila kufika mwisho. Sasa najua nikianguka naangukia wapi. Ni mahali pazuri kabisa. Mtu mwenye mahali kama hapo anakuwa mjinga asipojaribu.

Nikavishika kimoja kimoja kama ulivyosema. Kilichokuwa kinasema baki kilikuwa woga, kimevaa nguo za Bwana Mkubwa.

Nimejibu ndiyo. Naondoka mwishoni mwa Agosti. Kabla ya hapo nina wiki tano nyumbani, na nataka kujifunza kola.

Nisamehe kwa kile kitu kidogo kilichokuwa kinasema anarudi.

Kiroboto wako


Julai 19

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana mchana. Niliisoma, nikairudisha kwenye bahasha, nikaendelea na kazi. Nilishona mkono wa shati la mteja nikauziba kabisa huku chini, hata kidole kisingetoka. Mama Vifungo alilichukua mikononi mwangu, akakaa kufumua mwenyewe.

Shemeji yako alirudi na unga kwenye nyusi. Nikamwambia. Akakaa kizingitini, akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo tumeshinda?" Nikamwambia ndiyo, tumeshinda. Akauliza sasa mbona tunalia. Nikamwambia yeye ndiye anayelia, mimi nina mafua. Tukakaa hapo wote watatu, Bwana Mkubwa katikati anatucheka na jino lake.

Hakuna cha kusamehe. Kile kitu kidogo nimekiambia ukweli, kwamba haurudi sasa. Kimeuliza lini. Nimekiambia kinyamaze kwanza, kuna mtu anafunga mizigo.

Nilitaka nimalize barua hii kwa neno moja, nikuandikie nenda. Nimekaa, nimeinyoosha karatasi, nimeshika kalamu vizuri, na mkono ukaandika rudi. Nikakata. Nikaandika tena, ukaandika rudi. Karatasi ya tatu hii, na karatasi zenyewe ni za Mama Vifungo za kuchorea mitindo, siwezi kuzimaliza zote. Basi nimeyaacha mawili hivyo hivyo kwenye mstari mmoja, wewe uyasome kwa pamoja, maana kwangu mimi yametoka pamoja.

Nenda. Rudi.

Dada yako